Mama Kamba na Mlangamia

Majirani walimbatiza jina la Mama Kamba kwa sababu ya mlangamia aliouza: nyuzi za manjano zisizo na majani wala mzizi ardhini, zinazojiviringisha kwenye mimea mingine na kuifyonza utomvu. Aliuchemsha akawanywesha wenye macho ya manjano. Wenye mba waliupaka kichwani. Tiba hiyo aliirithi kwa mama yake, pamoja na onyo moja: "Mlangamia hula anachokula mwenyeji wake. Tazama kwanza umepanda juu ya mti gani."

Miaka thelathini alitazama. Kisha ukungu ukamwingia machoni. Hakumwambia mtu; siri ya mtungi aijuaye kata. Akawa anachuma kwa kupapasa.

"Mama, mbona chai unaimwaga nje ya kikombe?" binti yake aliuliza siku moja.

"Kikombe chenyewe kimelewa," akajibu, wakacheka.

Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, alipopata ugonjwa wa manjano, Mama Kamba alikwenda nyuma ya karakana ya magari. Uzio wa hapo ulichanganyika: michongoma, na vile vichaka vya maua mekundu ambavyo hata mbuzi hawavigusi. Alivuta nyuzi, akajaza kikapu, akachemsha.

"Dada, ya leo chungu kweli."

"Dawa tamu ni peremende. Kunywa."

Alikunywa bakuli zima. Kufikia saa sita mchana alikuwa akitapika, moyo ukipiga na kusita. Mumewe alimbeba mpaka zahanati, Mama Kamba akifuata.

"Mmempa nini?" tabibu aliuliza.

Mama Kamba aliutaja mlangamia. Mdogo wake alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Baada ya maziko, binti alikwenda kwenye ule uzio, akarudi na tawi lililozongwa na nyuzi. Akamwekea mama yake mkononi. Mama Kamba alipapasa jani refu, gumu, lenye ncha. Akalijua: ni la vile vichaka vya maua mekundu, vyenye sumu.

"Sioni, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Mama Kamba alimwendea shemeji yake, mume wa marehemu, akamweleza yote bila kujitetea. Shemeji alikuwa akikunja vitambaa vya wateja ambavyo havikuwahi kushonwa.

"Ungesema tu huoni, shemeji. Ningekuchumia mimi." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama Kamba akazunguka nyumba kwa nyumba, binti akimshika mkono. "Kama mna dawa yangu, mwageni." Mama mmoja alikataa: mbona mume wake alipona? Mama Kamba aliipapasa chupa mezani, akaenda kuimwaga chooni mwenyewe.

Hajachuma tena. Shemeji yake bado hamsalimii.