Majibu Mafupi ya Binti Yangu

Binti yangu wa kwanza aliugua nyonga akiwa darasa la tatu, miaka michache baada ya uhuru. Hospitalini mjini Nyeri walimfunga plasta kutoka kiunoni hadi chini ya goti, wakatuambia asikanyage chini kwa miezi mingi. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, na njia yake iliwachosha hata wazima. Nikaamua kumfundisha mwenyewe nyumbani.

Nilijiona nafaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwetu waliofika hapo walikuwa wachache. Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, na watu waliniita "karani" hata kanisani. Nilichotaka ni kimoja tu: mtoto asiachwe nyuma na wenzake, na siku ya mtihani wa darasa la saba awapite. Nikachukua karatasi za kiwanda zilizotumika upande mmoja, nikaandika maswali upande wa kushoto na majibu upande wa kulia. Asubuhi nilimwachia karatasi mbili. Nikirudi jioni, kabla ya chakula, nilimuuliza, naye alitakiwa kujibu kama nilivyoandika, bila neno kupungua wala kuzidi.

Mchana mke wangu alikuwa shambani, kwa hiyo mama yangu, aliyekuwa na nyumba yake upande wa pili wa ua, alikuja kukaa na mgonjwa. Kwa desturi yetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na tangu siku hiyo wawili hao huhesabiwa kama mtu mmoja. Mimi nilimwita binti yangu "mama." Mama naye alimwita "rika yangu," kana kwamba walizaliwa mwaka mmoja, na mtoto alimwita cucu, yaani nyanya.

"Rika yangu, nani amekushonea suruali ya simiti?" nilimsikia akiuliza siku ya kwanza.

"Ni daktari, cucu. Ati anataka nikuwe nyumba."

"Basi mimi ni mpangaji. Sogea huko."

Mama hakujua kusoma. Alimletea mtoto vitu. Siku moja ilikuwa kiota cha ndege kilichoanguka, wakakifumua uzi kwa uzi ili wajue kimejengwa kwa nini. Siku nyingine ilikuwa udongo wa namna mbili, mwekundu wa shambani na mweusi wa mtoni, wakautia katika mikebe miwili, na ndani ya kila mmoja wakapanda mbegu moja ya maharagwe. Mikebe hiyo ilikaa dirishani, nami nikaamuru iondolewe kwa sababu ilichafua karatasi zangu.

Jumamosi moja mashine ya kiwanda iliharibika, nikarudi nyumbani mapema. Nilipokaribia dirisha nikasikia sauti zao, nikasimama. Mama alikuwa akieleza jinsi alivyokuwa akibeba maharagwe ujanani kwenda kuyauza nchi ya chini, akiufuata mto Sagana.

"Huku Kiganjo ulikuwa mwembamba," alisema. "Kule chini ulikuwa mpana, mtu wa ng'ambo humjui ni mume ama mke."

"Na ukiufuata tu, bila kusimama?"

"Sijui, rika. Mimi nilirudi, nilikuwa na watoto. Wewe utaenda, uje uniambie."

Nikaingia. Mto huo ulikuwa katika karatasi za siku hiyo, nikaona nimjaribu hapo hapo.

"Mama," nikamwambia binti yangu, "mto Sagana unatoka wapi?"

Jibu nililoandika lilikuwa na maneno matano. Yeye macho yakamng'aa, akaanza. "Unatoka kwa mlima, kwa barafu, halafu unapita Kiganjo, halafu cucu anasema unakuwa mwekundu kwa sababu unabeba mashamba ya watu. Sasa baba, hiyo mchanga yote ikifika chini, inakuwa shamba ya nani?"

Sikulijua jibu. Katika maisha yangu yote sijaulizwa swali zuri kuliko hilo, na kwa kuwa sikulijua jibu, nilikasirika. Nikachukua rula, nikamwambia anyooshe mkono, nikamchapa mara tatu kiganjani. Nikasema mtihani hauulizi upuuzi, na aliyeulizwa neno moja ajibu neno moja.

Mama alinyanyuka polepole kutoka kwenye kigoda. Akaunyoosha mkono wake mbele yangu, kiganja juu.

"Na huu je?"

"Mama, haya ni mambo ya shule."

"Jina ni moja. Piga na huu, ndio umalize."

"Mama, tafadhali."

"Karani, wewe unapima mtoto kama kahawa," akasema. "Kahawa haikuulizi kitu. Ndiyo maana unaipenda."

Kwetu mtu aliyempiga mwenye jina la mama yake alijua la kufanya. Ningemnunulia mama blanketi, nimpelekee pamoja na mtoto, niombe radhi mbele yao wote wawili, na jambo lingeisha. Mke wangu aliniambia hivyo jioni ile ile. Nikacheka. Nikamwambia hayo ni ya watu ambao hawakwenda shule. Tena nikaongeza kosa juu ya kosa: nikamwomba mama asiingie kwangu saa za masomo. Alichukua kigoda chake akakirudisha kwake.

Baada ya hapo mtoto alijibu vizuri sana.

"Mto Sagana unatoka wapi?"

"Mto Sagana unatoka Mlima Kenya."

Naandika haya kwa aibu: nilifurahi. Nilimwambia mke wangu, unaona? Sasa ameshika. Ilichukua muda mrefu kabla sijagundua kuwa kwa miezi mingi mtoto yule hakuwa ameniuliza hata swali moja. Hata siku walipomkata plasta hakuniuliza kama atatembea. Mke wangu alisema mwanangu alikuwa amemuuliza nyanyake swali hilo wiki nzima iliyotangulia.

Alirudi shuleni akichechemea, na mtihani wa darasa la saba akaupita kuliko wote kijijini. Tulichinja mbuzi, nikatoa hotuba ndefu juu ya juhudi zangu. Alipokwenda shule ya bweni aliniandikia mistari mitatu kila muhula: amefika salama, ana afya, mtihani uko karibu. Kwa nyanyake aliandika kurasa nyingi, na mdogo wake alimsomea mama jikoni. Nilipoingia walizikunja.

Alikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Wang'uru, katika nchi ile ya chini. Mama alipofariki alikuja mazishini na watoto wake wawili. Baada ya kuzika, watu walipopungua, nilikuwa nimekaa nje ya jiko la marehemu, nikasikia mtoto akiuliza kwa nini moshi hupanda juu. Binti yangu hakumjibu moja kwa moja. Alimuuliza yeye anaonaje. Kisha wote wakaanza kusema, wajukuu na watoto wa jirani, wanabishana, wanacheka, na yeye anacheka kuliko wao. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu siku niliposimama dirishani.

Nikaingia. Alisimama upesi kwa adabu, akanipa kiti.

"Karibu, baba."

"Endeleeni."

Hakuna aliyeendelea. Watoto waliangalia chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kusema neno hili, nikaona nisipolisema hapo, katika nyumba ya mama, sitalisema tena.

"Nilikukosea," nikasema. "Nilikuchapa kwa kuuliza. Na cucu nilimfukuza. Naomba radhi."

"Ni sawa, baba."

"Si sawa."

"Ndiyo, baba."

Nikangoja. Nilitaka aniulize kwa nini nilifanya vile, au kwa nini nilichelewa hadi mama akaingia kaburini. Ningemjibu mpaka asubuhi. Alinimiminia chai, akaniuliza kama sukari inatosha. Nikasema inatosha. Nikainywa yote, nikamshukuru, nikatoka.

Nilikuwa sijafika katikati ya ua waliporudia habari ya moshi.