Barakoa ya Mume Wangu

Mtaani kwetu Granville, huku ughaibuni, hakuna aliyevaa barakoa kama mume wangu. Alivaa garini akiwa peke yake, akavaa akimwagilia mchicha, akavaa hata kwenye dua za Zoom, kamera ikiwa imezimwa. Jirani yetu nesi, Mkenya, alimpigia saluti juu ya uzio: "Mzee wako ni mfano, mama! Wote wangekuwa hivi, lockdown ingeisha kitambo."

 Mimi nimekulia sokoni Tanga. Bidhaa ikiwa nzuri kupita kiasi, huigeuza nione upande wa pili.

Pilipili ndiyo iliyomfichua. Huyu ni mtu anayeweza kula hata tende kwa achari. Ijumaa moja nikapakua biriani, naye akasogeza bakuli la pilipili pembeni, akawa anatafuna polepole, upande wa kushoto tu.

"Unaumwa?"

"Umri, mke wangu."

"Umri umekuja jana? Fungua kinywa."

"Sasa umekuwa daktari wa meno?"

"Fungua, baba watoto, au nimwite nesi."

Nikamulika kwa simu. Ndani ya shavu la kulia, pale anapoegesha tambuu yake ya popoo, chokaa na tumbaku tangu ujana, palikuwa na baka jeupe, na katikati yake kidonda. Nikaangalia tena, maana mara moja kwangu si hesabu. Kipo. Kumbe barakoa ilikuwa ya kuficha shavu hili, si ya korona.

"Tangu lini?"

"Ramadhani. Lakini hakiumi, kinawashwa na pilipili tu. Na mimi sivuti sigara hata moja!"

Alijitetea kama mtu anayeapa hakuiba kuku, alichukua mayai tu.

Nesi nilipomweleza, saluti ziliisha. "Kidonda cha mdomo kikipita wiki mbili hakingojwi, mama. Hata kisipouma. Mpeleke."

Huko hospitali ya Westmead daktari alikata kipande kidogo kikapimwe. Mume wangu, nusu ya uso imelala kwa ganzi, akaanza biashara.

"Nikiacha tumbaku, nibaki na popoo na chokaa?"

"Popoo peke yake inaweza kuleta saratani."

"Moja tu, Ijumaa."

"Hapana."

Kwa mazoea nikajikuta nachangia: "Na sikukuu za Idi je?"

Daktari alitutazama wote wawili, kisha akaendelea kuandika.

Majibu yalipokuja, daktari alisema: si saratani bado, ila seli zimeanza kubadilika, aache kabisa, na arudi kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Nilimwomba arudie. Neno "bado" lilikuwepo mara zote mbili.

Tambuu ikaenda kwenye pipa la taka, yeye akahamia kwenye iliki, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyeweza kuongea naye vizuri. Halafu Ijumaa moja akalivuta bakuli la pilipili, akachovya ncha ya kijiko, akaipeleka shavu la kulia.

"Inawasha?"

"Inawasha kama pilipili."

"Si kama kidonda?"

"Si kama kidonda."

Nikachukua simu, nikamulika hata hivyo.