Tiki iliyokataa kuondoka

Leo nimemwomba radhi mjane kwa sababu ya tiki moja.

Bi Somoe alitoka kijijini Mpapura asubuhi, akanikuta shuleni, barua mkononi. Shule hiyo, niliyoitengenezea mfumo wa kompyuta, ilikuwa imemwalika mumewe kwenye kikao cha wazazi.

"Mwanangu, nilishasema baba Shaibu amefariki. Mbona bado mnamwita?"

Karani wa shule akaapa kwamba aliondoa tiki penye "Baba yu hai" siku ileile aliyoambiwa.
Sikumwamini.

Tukajaribu pamoja. Karani akaondoa tiki, akahifadhi, akafungua tena.

Tiki ipo.

Jamani, kosa lilikuwa langu. Kisanduku kikiachwa kitupu, fomu haitumi chochote. Na mimi niliandika kwamba kisipokuja chochote, taarifa ya zamani ibaki vilevile.

Nikarekebisha palepale. Safari hii tiki ikaondoka.

Bi Somoe akaitazama skrini.

"Na jina lake mmelifuta?"

"Hapana, mama. Lipo."

"Basi liacheni."

Ameshaondoka. Karani naye nimemwomba radhi, lakini leo sijaweza kuendelea na kazi.

Nyie mngemwambia nini yule mama?