Sikio la Kushoto la Asidi

Ukitaka kumuudhi Simaloi binti Loishiye, mwombe akuuzie hereni moja. Niliwahi kumwona mtalii mmoja pale Kaloleni, kijana mwenye sikio moja tu lililotobolewa, akiomba kwa upole wote auziwe kipande kimoja. Simaloi alimtazama kama mtu aliyeingia dukani kuulizia mguu mmoja wa suruali. Akamfungia pea nzima.

"Sikio la pili utalitoboa ukifika kwenu," akamwambia.

Nimepanga chumba kinachopakana na chake, ndiyo maana namjua kuliko ninavyojijua. Ukuta wetu ni mwembamba; yeye husikia simu za wateja ninazotengeneza zikiita, mimi husikia shanga zake zikimwagika na jinsi anavyozisema. Wapangaji wote tunamwita Yeyo, yaani mama. Yeye mimi ananiita layoni, jina la mvulana ambaye hajapita jandoni. Sababu yake ni kwamba diploma yangu ya maabara ipo nusu, na kwa Yeyo mtu wa nusu bado ni mtoto wa kuchunga ndama.

Nikamweleza siku moja kwamba niliishia kwenye kemia ya kaboni, mahali ambapo molekuli ya kaboni sita inajikunja ikawa kama kiti.

"Kiti," akasema.

"Kiti, Yeyo. Na ikichoka inajigeuza inakuwa kama mashua."

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma. Viti havikutosha."

Alizaliwa magharibi ya Mlima Meru, upande ule mkavu ambako vumbi linafika kanisani kabla ya mchungaji. Shanga alifundishwa na mama yake, na mama huyo alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Unaanza na hereni ya sikio la kulia. Ikiisha, unaiweka mbele yako juu ya goti, unatengeneza ya kushoto ukiwa unaitazama. Huifuati. Unakabiliana nayo, kama watu wawili wanaosalimiana: kilichopo mkono huu kwake, kwako kinakuwa mkono ule. Bila hivyo, alisema mama, unapata masikio mawili ya kulia, na mtu wa hivyo hajazaliwa. Simaloi ameolewa, amezaa, amezika mume, amehamia mjini, lakini sheria hiyo haijahama kwenye vidole vyake.

Alikuwa anafanya kazi na wanawake wengine wawili, Ndeshi na Marta. Vitu vyao vilikaa kwenye rafu moja katika duka la vinyago huko Kijenge. Halafu nikaleta mimi ile oda.

Mwalimu Tabea alinifundisha kemia nikiwa sekondari. Sasa yuko shule moja ya bweni upande wa mashariki wa mlima, huko kwenye migomba na kahawa, anafundisha kidato cha sita. Modeli zake za plastiki zilikwisha. Nyingine zilipotea, nyingine zilitafunwa, maana mwanafunzi akikosa jibu hutafuna alichonacho. Mtihani wa majaribio ulikuwa unakaribia. Alitaka kila mwanafunzi ashike molekuli mkononi na kuipa jina. Akanipa sampuli moja iliyobaki nzima, akasema, "Ezra, watafute watu wa shanga wanitengenezee za darasa zima, kama hii."

Ilikuwa asidi ya laktiki, ile ile inayochachusha maziwa kwenye kibuyu. Kwa shanga inakuwa hivi: katikati nyeusi, hiyo ni kaboni. Kutoka pale zinatoka nyaya nne, kila mmoja umeelekea upande wake, na mwisho wa kila waya kuna shanga: nyeupe, nyekundu, kijani, bluu. Wanawake waliipenda. Ndeshi aliigeuza akasema kumbe kinachomkunja uso miaka yote hii ni kitu kizuri hivi.

Mwenye duka la Kijenge hakupenda, maana rafu yake haikupata tena hereni mpya. Aliwaambia wachague, yeye au maziwa. Wakachagua maziwa. Hata hawajamaliza kubeba vitu vyao, rafu ilishajaa twiga wa mbao wa mtu mwingine. Kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi. Shanga zote walizokuwa nazo ziliingia kwenye oda ya Mwalimu Tabea.

Tulipeleka boksi siku moja kabla ya mtihani, mimi na Yeyo, kila mmoja na bodaboda yake. Alivaa shuka la Jumapili.

"Shikamoo mama," Mwalimu Tabea akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Fungua uone."

Mwalimu akafungua. Akatabasamu mpaka magego. Akachukua modeli moja, akachukua na ya pili, akaziweka pamoja ili moja ikae juu ya nyingine. Hazikukaa. Nyeupe ilikutana na nyeupe, nyekundu na nyekundu, lakini kijani ilikwenda ilipo bluu. Akazungusha. Akajaribu tena. Tabasamu likaondoka polepole kama mgeni anayejua hakukaribishwa chakula.

"Hii ni S," akasema. Akachukua nyingine. "Hii ni R, kama sampuli yangu. Hii S, imegeuka kama kwenye kioo. Mama, nusu ya hizi ni S."

"Mwalimu, hizo ni sawa," nikaingilia. "Shanga zile zile, waya ule ule. Lete nikuonyeshe."

Nikazishika. Nikapindua moja. Nikaizungusha shanga ya juu, nikainyoosha, nikaigeuza chini juu. Ukweli ni kwamba nilifundishwa jambo hili chuoni, nikaliandika, hata maksi nikapata, lakini moyoni nilikuwa naliona kama porojo za watu wenye muda. Sasa lilikuwa mkononi mwangu, na mkono wangu haukuweza kulikanusha. Vitu viwili vyenye kila kitu sawa, na si kitu kimoja.

"Utavunja," Yeyo akaniambia. "Hiyo ni ya sikio la kushoto. Hata ukiifinyanga mpaka kesho haitakuwa ya kulia."

Mwalimu akamgeukia. "Sikio gani, mama?"

"Si ulileta moja? Ya kulia ile. Nikaitengenezea mwenzake. Kila moja ina mwenzake humo, hakuna yatima."

Mwalimu Tabea akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Yeyo, aliyekuja kusubiri sifa, akaanza kuelewa kwamba sifa hazikuwa njiani.

Nilipata akili ya kuuliza tofauti hiyo ina madhara gani. Mwalimu alifungua kabati, akatoa vichupa viwili, akampa Yeyo anuse cha kwanza.

"Mnanaa," Yeyo akasema. Akanusa cha pili, akarudisha kichwa nyuma. "Hii ni kisibiti. Ya kwenye pilau."

"Ni molekuli moja, mama. Moja ya kulia, moja ya kushoto. Pua yako imezijua." Halafu akauliza, "Mbuzi wenu mnawapa levamisoli?"

"Dawa ya minyoo? Ndiyo."

"Zamani iliuzwa imechanganywa, kushoto na kulia. Ya kushoto ndiyo inayoshughulika na mnyoo. Ya kulia karibu haifanyi kazi, lakini sumu yake mbuzi anaimeza yote. Wakaitenga, ndiyo hiyo mnayonunua."

Yeyo alitazama boksi lake kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kazi yake. Kama mtu aliyegundua kwamba amelala kitanda kimoja na nyoka na hakuumwa.

"Basi nimetia sumu kwenye mtihani wako," akasema.

Mwalimu akaeleza kwamba kurekebisha ni rahisi: ukibadilishana shanga mbili tu, ya kushoto inakuwa ya kulia. Plaizi ilikuwepo mezani. Yeyo aliichukua, akaukamata waya, akabaki hivyo. Mkono haukwenda.

"Siwezi kuvunja pea," akasema. "Nitasema nini? Mama yangu ataniona."

"Mama yako amekufa, Yeyo," nikamwambia.

"Ndiyo maana anaona mchana na usiku, layoni."

Mwalimu Tabea akavuta pumzi. "Basi sikilizeni. Wanafunzi wangu hii wanaijua. Unaielekeza ile nyeupe mbali na uso wako, kama fimbo ya usukani, unafuata nyekundu, kijani, bluu. Ikienda na saa ni R, ikienda kinyume ni S. Nimewafundisha mpaka wanaota. Mwaka jana wote walilipata swali hili. Tutazitumia zilivyo. Lakini mama, wakichanganyikiwa, nitazirudisha zote. Mkuu wa shule hatanielewa."

Yeyo akakubali, angefanya nini. Kila modeli ikafungwa kikaratasi cha namba, mwalimu akaandika pembeni ipi ni ipi.

Kesho yake tulikaa kwenye benchi nje ya maabara. Yeyo aliuliza kama kule duka la Kijenge wale twiga wananunuliwa. Nikasema sijui. Nilijua kwamba walikuwa wananunuliwa.

Mtihani ukaisha, wanafunzi wakatoka wakicheka, na hilo likatupa moyo. Watu waliochanganyikiwa hawatoki hivyo. Mwalimu akabaki ndani anasahihisha. Mwishowe akatoka na karatasi kifuani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu kutoka hospitali.

Yeyo akasimama. "Wamechanganyikiwa."

"Hapana, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna aliyechanganyikiwa. Wote wameandika R."

"Wote?" nikauliza.

"Eliud alikuwa na modeli ya R. Akaandika R, na ni sahihi. Jibu lake likatoka kwake likaenda benchi kwa benchi mpaka ukutani. Mtu ameshika S mkononi, anaitazama, anaandika R. Isipokuwa Penina. Alichelewa, akakaa peke yake dirishani. Kaandika S, na ni S."

Mimi mwenyewe, niliyekaa nyuma maisha yangu yote, sikujua jibu moja linaweza kusafiri hivyo na kufika kote likiwa halijachakaa.

"Mwaka jana," mwalimu akasema, kama anaongea na karatasi, "niliwapa zote za aina moja. Na mwaka juzi. Nilipongezwa mbele ya wazazi. Nimekuwa namfundisha nani?"

Yeyo alimshika mkono, akamkalisha pale alipokuwa amekaa yeye.

Baada ya muda mwalimu akajifuta uso kwa pembe ya shuka la Yeyo, akasema boksi lote linabaki. Na anataka nyingine za molekuli kubwa zaidi, na kila moja iwe na mwenzake, na darasa litarudia swali lile kila mtu akiwa peke yake, hata kama ni wiki nzima. Nilimwona Yeyo akilegea mabega. Ndeshi na Marta wangelala na kazi.

"Na moja nataka yangu mwenyewe," Mwalimu Tabea akaongeza. "Niiweke mezani, nisisahau."

Yeyo akainama kwenye boksi, akachagua kwa muda, akanyoosha mikono yote miwili. Kila mkono na yake.

"Moja siuzi," akasema.