Fundi Kasereka na Kiti cha Nyuma

Mimi Kaltumi nimeuza chai Kisenyi, hapa Kampala, miaka mingi, na mafundi nimeona wa kila aina, lakini mbishi kama Kasereka sijaona. Alikuwa Mkongo wa kutoka upande wa Beni, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na kazi yake ilikuwa kufunga redio, amplifaya na spika kwenye magari. Kibanda chake kilipakana na jiko langu. Tuligombana kila siku ya Mungu, na siku asipokuja tugombane, chai yenyewe ilikosa ladha.

Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na maduka yao ya vyombo vya umeme yalikuwa yamebaki rafu tupu. Basi Kasereka akawa anafungua redio kuukuu, zile za miguu minne zilizokuwa zikikaa sebuleni, anatoa spika, anaibonyeza karatasi yake taratibu kwa kidole, anainamisha sikio. Nyingine anaiweka mezani, nyingine anaitupa. Mteja akitaka amplifaya kubwa kwa spika ndogo, alikataa katakata. Ni sawa na kumlisha mtoto mchanga kwa mwiko, alisema, utampasua mdomo. Na mteja akitaka kelele kuliko betri ya gari inavyoweza kubeba, alimwambia akanunue ngoma.

Halafu alikuwa na swali lake. Spika hukaa kwenye kibao nyuma ya kiti cha nyuma, karibu kabisa na masikio ya abiria, na mwenye gari yuko huko mbele, hajui wenzake wanavyoteseka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote, Kasereka aliuliza: nani anakaa nyuma? Mwalimu alimleta mkewe, muuza nguo akaleta watoto wake. Walikalishwa kitini, naye akajaribu spika hii na hii huku akitazama nyuso zao. Mwenye gari akisema ndiyo na abiria akakunja uso, spika ilirudi mezani.

Swali zuri. Lakini wako watu ambao huwaulizi swali hilo.

Siku moja ya mwaka sabini na nne ilisimama Peugeot mpya mbele ya kibanda. Akashuka sajini wa jeshi, Sulaimani, pande la mtu, bastola kiunoni. Wateja wangu wote wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine.

"Fundi, mimi nataka ile," akasema, akionyesha spika ya bati yenye umbo la tarumbeta, iliyotoka kwenye mnara wa msikiti. "Nataka Kampala yote nasikia."

"Hapana, shefu. Ile ni ya kuita batu basali. Haiingie mu motokari."

Nikamkazia macho. Mwanaume, nyamaza! Mfungie tarumbeta, mfungie hata na mnara wenyewe! Wapi. Alikuwa ameshafungua mlango wa Peugeot, anapapasa kitambaa cha kiti.

"Kwanza uniambie, shefu. Nani anaikalaka huku nyuma?"

Nyinyi hamkuishi miaka ile, hamjui. Jirani zetu walikuwa wamepakiwa kwenye viti vya nyuma vya magari kama yale, mchana kweupe, na hatukuwaona tena. Hata majina yao tulikuwa hatuyataji. Na huyu mpumbavu wangu anamuuliza askari uso kwa uso, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Wewe nataka jua kwa nini?" Sajini akauliza.

"Juu ya kazi. Nisipomuona, sitachagula spika."

Sajini akamtazama, akamtazama tena.

"Sawa. Panda gari."

Kasereka akakusanya amplifaya moja na spika zake, akapanda nyuma, na akanipungia mkono! Gari likaondoka.

Nikakimbia kwa Marie-Jeanne, mke wake, aliyekuwa akiuza dagaa karibu na stendi ya teksi. Hakuningoja nimalize. Siku zile hatukusubiri maiti, maana maiti hazikuja. Adhuhuri ilipopita bila ya yeye kurudi, tukatandika mikeka mbele ya kibanda, majirani wakaja, tukakaa matanga. Hatukulia kwa sauti, kwa kuogopa nani anatusikia. Nikachemsha chai na sukari yangu ya kuficha, nikaimimina yote, maana nimwekee nani? Nilimpenda mtu yule. Nasema wazi, nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Jua lilipoanza kuinama, Kasereka akatokea kwa miguu, mfuko wa ufuta, simsim tunavyoita sisi, begani. Mimi nilimwona wa kwanza. Habari yenyewe tuliipata baadaye: Sajini alimpeleka mtaa wa Kisugu kwa mama yake, bibi mwenye miguu mibovu asiyeweza kufika Kisenyi. Walimbeba wakamkalisha kitini, na bibi akakataa spika zote isipokuwa ile iliyosema kwa sauti ya chini kuliko nyingine. Sajini aliyetaka Kampala yote isikie akaitikia, "Ndiyo, mama." Simsim ilikuwa zawadi ya bibi.

Lakini hayo hakuanza nayo. Aliona mikeka, akaona watu wameinamisha vichwa, na Kasereka, pamoja na ubishi wake wote, alikuwa mtu wa adabu. Akautua mfuko taratibu, akavua viatu, akapita kwa kunyata na kuketi kando ya mke wake, uso umejaa huzuni ya kweli.

"Marie," akamnong'oneza, "ni nani alikufa?"

Marie-Jeanne akamgeukia.

"Ni weye," akasema, kisha akamkamata shati kwa mikono miwili, na hakuliachia mpaka watu wote walipokwisha kwenda makwao.