Chungu Kilichotoka Kimejaa

Juzi sokoni Ipinda nilimwona mwanamke akinunua chungu kwa kukijaza mpunga, nikasikia tena harufu ya udongo mbichi wa Ikombe, kijiji chetu cha kando ya ziwa. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na bei ya chungu chake ilikuwa nafaka ya kukijaza.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, mtumbwi ulileta mwanamke na watoto wawili, wamekimbia vita ng'ambo ya ziwa. Mama alichukua chungu kipya, akamimina humo unga wetu wa mwisho, akampa.

"Mama, umekosea! Yeye ndiye wa kujaza!" Nilidhani maji ya ubatizo wake wa Jumapili yamemharibia hesabu.

"Jumapili nilimwahidi Mungu mbele ya watu," alisema. "Leo nimfukuze huyu?"

Bibi, ambaye hakutaka kubatizwa, alifoka. "Basi kesho tutafune udongo wako!"

Wageni waliposhika njia, Bibi aliguna, akateremsha dagaa wake waliokaukia juu ya meko, akawafuata akihema.

"Ngojeni! Ugali mtupu mtaulaje?"

Jioni tulikula ndizi za kuchoma, bila kitoweo. Mama aliimba, Bibi akanuna, nami nikalala nikiamini kabisa kwamba Bibi alikuwa amebatizwa kwa siri.