Mama Aliyesema na Chungu Changu cha Umeme

Mimi si mtunzi. Kutunga kunataka mtu aliyekaa bure, na mimi mwenye mashine za kusaga Mugumu na duka la mabati, nitakaa bure saa ngapi? Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa limewaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, mke wangu yupo, muulize.

Kwanza unijue. Nimezaliwa Tarime, shule niliiacha mapema nikafuata ng'ombe wa baba, na Serengeti nilikuja na panga na blanketi. Leo ukipita Mugumu ukaona nyumba yenye bati jekundu na geti lenye vichwa vya simba, ujue ndiyo yangu. Hakuna aliyenifundisha biashara. Nikiamua jambo, jambo linakaa. Ndivyo nilivyo.

Sasa utaniuliza, mwanaume wa Kikurya, ametahiriwa pamoja na rika lake, ana wajukuu, alikuwa anatafuta nini jikoni? Swali zuri. Kwetu mwanaume akionekana ameshika mwiko, watu wanamtazama kama wanavyotazama ng'ombe aliyepanda juu ya paa. Lakini mke wangu Bhoke alikuwa anaisha mbele ya macho yangu.

Aliugua, tukampeleka hospitali, akakaa huko muda mrefu. Ugonjwa ukaondoka. Daktari akaniambia, "Mzee, sisi kazi yetu imekwisha. Iliyobaki ni ale." Ale! Ndilo lililokuwa gumu. Chakula chochote akikipata anaonja kijiko kimoja, anasukuma sahani. Nyama, anasukuma. Samaki wa kutoka Musoma, anasukuma. Msichana wa kazi alipika mpaka akalia. Bhoke, mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mahindi peke yake, akawa kitenge kinamzunguka na kubaki. Usiku nilikuwa nasikiliza kama anapumua. Mimi, ambaye simba hajawahi kunikimbiza, niliogopa.

Nikamuuliza, "Mama Marwa, sema unataka nini, hata kiwe Nairobi nitakileta." Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mgagani. Kama wa mama." Mama yake alishafariki zamani, watoto wetu wakiwa wadogo, kule Kisaka.

Nikasema, mgagani tu? Hii mboga chungu inayoota nyuma ya kila boma? Nikacheka. Sikujua kicheko kile kingenigharimu.

Binti yetu wa Mwanza ndiye aliyeleta chungu cha umeme. Bwana we, kile chungu! Mimi ni mtu wa mashine, na mashine nzuri nikiiona naijua. Kinachemsha maharage makavu kabla hujamaliza kuongea na mgeni. Kinakaanga, kinapika wali, kinaoka keki, kinagandisha maziwa. Unabonyeza kitufe, kinalia kama mtoto wa ndege, kinaanza kazi. Siku ya kwanza nilijifungia nacho jikoni nikakisikiliza kinavyopumua mvuke, nikasema huyu ni ndugu yangu, anafanya kazi zote peke yake.

Binti akaniingiza kwenye kundi la simu la watu wa Mara wanaopikia vyungu hivyo. Nilidhani nitakuta akina mama watupu wanicheke. Nikakuta fundi cherehani wa Sirari, nikakuta mchungaji wa kanisa, nikakuta dereva wa watalii aliyeoka mkate humo akaupiga picha kama amezaa. Nilijaa furaha! Asubuhi kabla sijafungua duka, nasoma nani kapika nini. Nami nikaanza kutuma. Kande yangu ya kwanza walinisifu siku nzima. Niambie ukweli, ni lini mara ya mwisho watu walikusifu kwa kitu ambacho hukukiuza?

Lakini mgagani wa Bhoke ulinishinda. Niliuchemsha, nikaumwagia maziwa, nikaulaza, nikauchemsha tena kama watu wa kundi walivyonielekeza. Bhoke anaonja, anatikisa kichwa. "Siyo huu." Kila mara, "Siyo huu."

Mkuu wa kundi ni Mama Ghati, mwanamke wa Manchira, anakaa karibu na bwawa, ana mdomo mkali kuliko kisu chake. Akatuita tukutane kwake uso kwa uso, kila mtu na chungu chake, tupike pamoja. Nilipofika na chungu changu nimekipakata kama mtoto wa kubatizwa, akapaza sauti, "Haya, mpisheni mzee wa mabati! Leo tutakula ugali au tutakula bati?"

"Utakula vyote," nikamwambia, "na utaomba tena."

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Sijui nikueleze vipi raha ya siku ile. Nyaya za umeme zimetambaa uani kama nyoka, vyungu vimejipanga, kila kimoja na harufu yake, huyu anaonja cha yule. Watu ambao hatujawahi kuonana tunaitana kwa majina ya mapishi yetu. Mimi nikaitwa Baba Kande, nikaitika.

Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha nyuma, jiko la zamani la Mama Ghati, nimeweka mgagani wangu. Nilijiambia, hapa penye mafundi wengi namna hii, leo nitaupata. Mara umeme ukakatika. Vyungu vyote kimya. Ukasikia uani "Aaaa!" kwa pamoja. Wote wakatoka kwenda barabarani kuangalia kama ni mtaa mzima ama ni nyumba ile tu. Mimi nikabaki, siachi chungu changu.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Nageuka, namwona mwanamke mzee, mwembamba, amejifunga kitenge cha rangi ya udongo, ameshika kibuyu kidogo. Amesimama pembeni kabisa na amenipa mgongo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alijisogeza ukutani kama mtu anayempisha ng'ombe dume, akajifunika nusu ya uso.

Nikasema moyoni, sifa zangu zimefika mpaka kwa wazee wa Manchira. Ananiheshimu.

Kisha akaongea. Lakini hakuongea na mimi. Aliongea na chungu.

"Wewe chungu," akasema, bado amegeukia ukuta, "mwambie huyo aliyekuleta, maji ameweka mengi. Mgagani haupikwi kama supu."

Nilicheka! Nikajua huyu ni bibi mcheshi. Nami nikageukia chungu. "Chungu, mwambie mama maji nimepunguza. Aseme lingine."

"Chungu, mwulize, majivu yako wapi?"

"Chungu, mwambie wewe ni wa umeme. Majivu ya nini?"

Akaguna, ule mguno wa wanawake wetu wazee unaoanzia tumboni. "Ndiyo maana mtoto hali. Maganda ya maharage huchomwa, majivu yake yakachujwa kwa maji. Maji hayo ndiyo yanaondoa uchungu wa mgagani. Mnapikia moto usio na majivu, mnashangaa mboga inakataa."

Najua wewe Mkurya unayesoma hapa nywele zimeshakusimama. Mimi wala. Kichwani mwangu kulikuwa na mboga tu. Nilisikia "mtoto hali" na sikujiuliza, mtoto gani? Nani alimwambia kwangu kuna mtu hali?

Hakunipa kibuyu mkononi. Alikiweka chini katikati yetu, akarudi nyuma, akangoja nikiokote. Nikamimina yale maji ya rangi ya chai yaliyokuwamo, kama chungu kilivyoagizwa, kidogo, halafu maziwa, halafu samli. Nikafunga mfuniko kwa mazoea, nikakumbuka umeme hakuna. Nikatazama balbu juu, imezimika. Nikatazama chungu.

Taa yake nyekundu inawaka.

Kweli nakuambia, inawaka, na mvuke unapiga mluzi. Harufu ikajaa kibandani, harufu ya jikoni kwa mama zetu, ya moshi, wakati kuni hapakuwa na hata kijiti. Badala ya kukimbia, unajua nilifanya nini? Nilipiga kofi la furaha. Nimeupata! Nilimwona Bhoke anakula. Nilimwona anabeba gunia.

Na mimi mtu akinifaa nampa mkono, ndiyo desturi yangu ya biashara. Nikamwendea. "Mama, nipe mkono. Umeniokolea nyumba."

Akarudi nyuma. Nikasogea. Akajibanza pembeni, na kwa mara ya kwanza akasema na mimi mwenyewe: "Hapana, baba. Hapana, tafadhali." Nikadhani ni haya ya kizee. Nikaunyakua mkono wake wa kuume nikautikisa kwa nguvu zote za shukrani.

Ulikuwa laini na baridi, kama umetia mkono kwenye jivu lililonyeshewa. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepindia ndani, nilikisikia kwenye kiganja. Akatoa sauti. Siyo ya hasira, ingekuwa hasira nisingejali. Ni sauti ya mtu mzima aliyevuliwa nguo mbele za watu. Akavuta kitenge akafunika uso wote, na pale aliposimama pakawa ukuta. Ukuta mtupu. Mkononi mwangu, jivu.

Wenzangu wakarudi. Mama Ghati wa kwanza mlangoni. "Mtaa mzima hakuna umeme, tutakula bati kwe..." Akaishia hapo. Akaiona ile taa nyekundu. Akanyoosha mkono akachomoa waya ukutani. Taa ikaendelea kuwaka kidogo, ndipo ikazimika taratibu.

"Baba Kande," akasema polepole, mdomo wake wote umeisha makali, "umekiwashaje?"

Nikamwambia, kuna mama amepita mlango wa nyuma. Akanitazama. "Mlango wa nyuma upi?" Alikuwa ameuziba kwa matofali tangu mwaka alioezeka.

Sikumaliza sherehe. Nilipakia chungu kwenye gari nikaenda nyumbani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine naufutia kwenye suruali mpaka kitambaa kikachanika. Nikampakulia Bhoke. Akaonja. Akaonja tena. Ndugu yangu, alikula! Alikula akaomba ugali mwingine, alikula machozi yanaingia sahanini, akafuta sahani kwa kidole kama mtoto. Nilirukaruka chumbani mimi na umri wangu huu. Ndipo akaniuliza, "Baba Marwa, nani amekufundisha kutia majivu?"

Nikamweleza yote, kwa mbwembwe, unavyonijua. Bibi mcheshi, anaongea na chungu, hataki hata kunitazama. Nilipofika kwenye kidole kilichopinda, kijiko kikamponyoka.

"Umemshika mkono mama yangu?"

Kwa asiyejua desturi zetu, nieleze. Kwetu mwanaume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ukiwa na neno naye, unampitishia mtu mwingine, na kama mtu hayupo, unaliambia hata jiwe. Yule mama nilikuwa mkwe wake miaka mingi. Ng'ombe wangu walilala zizini kwake. Siku ya kumzika nilisimama mbali na wanaume wenzangu, inavyotakiwa. Na katika miaka yote hiyo, kwa heshima niliyoishika vizuri kabisa, sikuwahi kuijua sura yake. Angepita mbele ya duka langu ningemuuzia mabati.

Tulikwenda Kisaka na mbuzi, wazee wakasema maneno yao, Bhoke akaniombea radhi kwa mama yake, kwa sababu mimi siruhusiwi kuomba mwenyewe. Yeye sasa amenenepa, ananifokea kama zamani, utukufu kwa Mungu. Kila Jumamosi napika. Kundi letu limekua, na ninapowafundisha watu mgagani wa majivu, mpaka dereva wa watalii anaandika. Lakini kiganja changu cha kuume hakisikii moto tena. Natoa sufuria jikoni mkono mtupu. Na mtu akinishika mkono huo anauachia upesi, anautazama wake, halafu anajifuta bila kujua kwa nini anajifuta. Wateja wa zamani sasa wananisalimia kwa mdomo tu.

Kwa hiyo nikuonye, wewe uliyeoa. Ukipika mahali, akaja mama asiyekutazama, akaongea na chungu, mjibu kwa chungu hivyo hivyo, ushukuru kwa chungu, ushike mikono yako nyuma. Na usingoje mpaka hapo. Leo leo muombe mkeo picha ya mama yake, uitazame vizuri, masikio, vidole, kila kitu. Picha haina mwiko. Mimi ya mkwe wangu nimeiona baada ya kutoka Kisaka. Alikuwa mwanamke mzuri sana.